Viti vya Mama Akinyi

Jumapili

Nilisimama mbele ya jumuiya yetu ndogo ya kanisa nikafundisha vile Kanisa linavyowataka wanasiasa wa dunia waweke silaha chini. Tukaombea nchi zenye vita, moja moja.

Leo ilikuwa zamu ya jumuiya kusali nyumbani kwa jirani yangu, Mama Akinyi. Ni mimi niliyeihamishia kwangu. Niliwaambia wenzangu chumba chake ni kidogo. Uongo. Ni vile alivaa fulana ya chama kile kingine, na uchaguzi unakaribia.

Alikuja. Kichwani amebeba viti vya plastiki alivyokuwa ameazima ili atukaribishe.

"Mama Mwende, nilijua vyako havitatosha," akasema.

Nilikalia kimoja, nikaendelea kufundisha amani.