Nilisema Nimekagua

Kaka yangu mpendwa,

Salamu kwako, kwa wifi na kwa wanangu wote hapo nyumbani. Natumai mgongo umeacha kukusumbua. Mimi ni mzima. Cherehani inazunguka na macho bado yanaona tundu la sindano. Hasira pia ninayo, na nitaimwaga hapa hapa.

Nimeambiwa umemwandikia mwenyekiti wa klabu yetu ya ndege za mfano, ukitaka mwalimu wangu afukuzwe kwa uzembe. Umeongeza kwamba mwanamke wa miaka hamsini na mbili hana haja ya midoli ya angani. Tangu shemeji yako afariki umenichagulia nyumba, umenichagulia hata rangi ya pazia, nami nikanyamaza. Hili sinyamazi ng'o.

Mwalimu huyo, fundi redio mstaafu tunayemwita Kagua, alinikalisha wiki tatu bila kurusha kitu. Nilijifunza kusimama nyuma ya propela, kupima upepo, kutopitisha ndege juu ya vichwa vya watu. Nilipoanza kurusha, rimoti yangu iliunganishwa na yake kwa waya, ili nikikosea achukue usukani papo hapo. Na kila mara huniuliza kama nimekagua vibapa vya mabawa, vile vinavyoigeuza ndege: nikisukuma kijiti cha rimoti kulia, cha kulia kinyanyuke. Huyo ndiye mzembe wako?

Siku uliyokuja uwanjani, ulimwona akininyang'anya ndege na kuibwaga kwenye majani. Ulichokiona ni kweli, ila hukujua sababu. Ndege ilikuwa imeshika njia ya kwenye mabenchi, ulipokaa wewe. Kila akiivuta kushoto ilikwenda kulia, basi akazima injini. Aliiunda kwa mikono yake miaka miwili, ikabaki vijiti. Hakunigombeza. Aliwaambia wanachama kuwa kosa ni lake, eti mwalimu hapaswi kuamini mdomo wakati macho anayo.

Kaka, kosa ni langu. Asubuhi ile nilitengeneza mwenyewe bawa la ndege hiyo yake, nikaunganisha nyaya za vibapa kinyume. Aliponiuliza, nilikuona umekunja uso pale kwenye benchi, nikataka ujue sihitaji kushikwa mkono. Nikajibu nimekagua. Sikuwa nimekagua. Naona aibu, na aibu hiyo ni yangu, usimtwishe mwingine.

Mwenyekiti nimeshampa nakala ya barua hii. Jumamosi itasomwa mbele ya wanachama wote. Wakinifungia mwezi, nitakaa mwezi. Siku ya thelathini na moja nitakuwa uwanjani na rimoti mkononi, upende usipende. Nawe njoo Jumamosi hiyo, ukae benchi lile lile, kisha umwombe radhi mtu aliyevunja ndege yake ili asipasue kichwa chako.

Nibusie watoto, na wifi mwambie gauni lake liko tayari.

Ni mimi mdogo wako akupendaye,
Mshonaji, na mwanafunzi wa Kagua