Koti la Maabara Kantini

Shoga, ngoja nikwambie ya leo chuoni.

Unajua kantini tunavyoshika viti kwa kuviwekea makoti ya maabara? Leo nimekuta koti kwenye kiti, nikalitupia meza ya pili, kando ya Mpole wa darasani kwetu. Nikakaa, nikala. Njaa haina adabu.

Mwenye koti akarudi, akaliona kando ya Mpole, hata kiti chake nilichokalia hakukitazama. "Nani kakwambia uguse koti langu?" Hakungoja jibu, akamtandika Mpole trei ya usoni. Trei ya chuma, shoga! Damu mpaka kwenye wali.

"Si mimi, kaka! Si mimi!" Akamtandika tena. Mpaka mpishi alipomkaba kwa nyuma.

Na mimi? Kijiko mdomoni, kimya.

Mpole alipobebwa kupelekwa hospitali, alinitazama. Aliniona nikilitupa, shoga. Na hakunitaja.