Wembamba wa Kwetu

Majengo, Pumwani
Jumanne, baada ya alasiri

Dada yangu mpenzi Mgeni,

Assalaam aleikum. Natumai wewe, shemeji na binti yako Mwanaidi, ambaye ni mwanangu pia, hamjambo huko Taveta. Sisi huku tu wazima, ila kichwa changu kimevurugika kama pilau iliyokorogwa kabla ya kuiva.

Naandika kwa mkono kwa sababu nimewekwa ndani hadi harusi, Ijumaa ijayo, na somo yangu, kungwi anayenifunda, amechukua simu, ati mwari hana mazungumzo na watu. Ubaid wa jirani anapeleka marobota ya mitumba kutoka Gikomba hadi huko kwenu, atakukabidhi.

Somo ananisugua singo na kuninenepesha. Asubuhi uji wa maziwa, mchana biriani, jioni kaimati. Analalamika kwamba anatia maji kwenye pakacha. Hajui kwamba akigeuka tu, najidunga insulini chooni. Mama ameniapisha watu wa Idarusi wasijue kabla ya nikaha. Wakisikia kisukari watavunja posa. Nami nampenda Idarusi, dada. Naona vibaya kuingia kwake na uongo, na naogopa kumkosa. Sijui lipi ni lipi.

Kabla ya kufungiwa nilikwenda kliniki na Kezia, yule wa Lucky Summer tuliyeanza naye sindano utotoni. Dozi zetu zinakaribiana, lakini yeye hunenepa hata kwa sukuma wiki, watu wakamcheka ati anaiba keki. Mimi nile nini, sinenepi. Daktari anayetafiti wanawake wenye kisukari kama chetu alitutoa damu, akatueleza kwamba uzito wetu una mkono wa vinasaba, yaani yale tunayorithi kwa wazazi, kimoja kikisukuma kidogo huku, kingine kule. Kezia alilia kwa furaha, akasema kumbe si ulafi. Nikauliza kama wembamba wangu ni urithi wa Bibi au ni ugonjwa. Akajibu kwamba urithi hauamui peke yake, chakula na insulini navyo vina sehemu yao. Nilitoka nimechanganyikiwa kuliko nilivyoingia.

Basi nikataka kuujibu ujumbe wako wa mwisho. Ulicheka kwamba Mwanaidi amekonda mpaka gauni aliloshonewa kwa harusi yangu linampwaya, hashibi maji, na amerudia kukojoa kitandani na miaka yake saba. Ukasema amenirithi, ndio wembamba wa kwetu. Nami nilicheka. Nilikuwa naanza kuandika kwamba hata daktari anakubaliana nawe, mkono ukasita.

Dada, mimi nilianza hivyo hivyo. Mama alisema nimemfuata Bibi, mpaka nikazimia madrasa. Mpeleke hospitali akapimwe sukari. Usingoje harusi, usingoje hata kupika.

Lakini barua hii itafika kesho, na kesho ni mbali. Naifunga, kisha natoka nidai simu yangu. Sebuleni wamejaa wakwe waliokuja kumwona mwari. Wataniuliza nimejuaje maradhi ya mtoto aliye Taveta, nami nitawaambia nimejuaje. Mama atanisamehe. Idarusi, sijui.

Msalimie shemeji, umbusu mwanangu. Ukisoma haya, inshallah utakuwa umeshaisikia sauti yangu, na mko hospitali.

Nduguyo akupendaye,
Ummulkheir