Kipande Kilichofika Kimefungwa

Kebirigo,
8 Novemba 1970

Kwa Shemeji Abner Ogari,

Nakusalimu. Huku tunaamka, tunakula, watoto wanakwenda shule. Natumaini kifua chako kimepona na baridi ya Uingereza haijakurudia.

Barua yako ya kutueleza jinsi mlivyomzika mume wangu Mogaka huko niliisoma mbele ya mama yake, Orpah. Niliisoma kwa Kiswahili, halafu nikamgeuzia kwa Ekegusii. Mama Orpah aliuliza jambo moja tu: udongo wa huko ni wa rangi gani. Nami nakuuliza wewe.

Tangu habari ya kifo ilipofika Juni, mama haruhusu mlango wa nyumba yangu ufungwe kwa komeo. Anasema mtoto wake hana mahali pa kupumzika, anaweza kuja usiku. Naye Ombui, ndugu yake Mogaka, alisema sokoni mbele ya watu, "Nyumba isiyo na kaburi ni nyumba ya mpangaji." Alicheka aliposema. Wiki hiyo hiyo alionekana na kamba ya kupimia kwenye mpaka wa shamba langu la chai.

Wazee wa ukoo wetu wamekaa. Wamesema kama mwili hauwezi kuja, basi kije kitu kilichotengenezwa na mikono yake, kizikwe kando ya nyumba, na maneno yaishe. Hapa hakuna kitu. Mogaka aliandika kwamba ninyi huko kiwandani mnatengeneza masega ya bati yanayowekwa ndani ya sakafu na mabawa ya ndege. Hatukumwamini. Alipenda asali sana, alikuwa akitafuna sega mpaka nta, hatemi. Tulidhani ni hamu ya nyumbani inayomsemesha.

Kama kuna kipande, hata kilichotupwa, nakuomba.

Mimi shemeji yako,
Drusilla


Uingereza,
18 Januari 1971

Kwa Shemeji Drusilla,

Pole tena, na salamu kwa mama na watoto. Kifua kimetulia. Nivumilie na Kiswahili changu cha reli. Baba, mtu wa reli, alinilea Nakuru, na Mogaka alikuwa akisema Ekegusii changu kinatembea kwa magongo.

Udongo wa huku ni mweusi.

Kipande nimepata. Nilipomweleza msimamizi aliingia stoo, akaja akaniwekea mkononi. Kimetoka kwenye tofali la mwisho alilopanga Mogaka. Kilikatwa kifupi, ndege haiwezi kukitumia. Leo asubuhi nimempa Angwenyi, mwanafunzi wa Nyamarambe anayerudi nyumbani. Alikuwa anakimbilia basi la uwanja wa ndege, kwa hiyo nimempa hivyo hivyo, na maelezo nayaandika sasa.

Usishangae kikifika. Kitaonekana kama rula ya chuma. Kazi yetu ndiyo ilivyo. Tunapaka mistari ya gundi kwenye karatasi za alumini nyembamba kama ganda la kitunguu, tunazipanga moja juu ya nyingine, zinatiwa joto na kukandamizwa mpaka zinakuwa tofali. Kisha tofali linakatwa vipande. Sega limo ndani, ila halionekani. Ukishika upande huu na mwenzako upande ule, mkavuta polepole, pale pasipo na gundi panafunguka, na mnaona vyumba vyote kama vya nyuki. Kitu cha upana wa vidole viwili kinakuwa kama sinia. Tena ni chepesi, lakini mtu anaweza kusimama juu yake kikishavikwa bati pande zote mbili.

Mogaka alikuwa akishika kushoto, mimi kulia. Kila kilipofunguka alipuliza ndani, kama mtu anayefukuza nyuki. Waingereza walimzoea.

Kivuteni kabla ya kuzika. Mama akione.

Shemeji yako,
Abner


Kebirigo,
16 Februari 1971

Kwa Shemeji Abner,

Salamu. Sisi tupo. Mama ana maumivu ya goti tu.

Angwenyi alifika na kifurushi chako kimefungwa kwa gazeti. Alisema, "Ni kazi ya mikono yake. Abner ataandika." Tukangoja uandike. Karani wa posta Kisii ananiambia barua za Uingereza zimelala, wenye kuzipeleka wamegoma. Wazee wakasema mvua hazigomi. Tumezika Jumapili.

Ombui alikigeuza mikononi akasema, "Ndugu yangu aliondoka mrefu kuliko mlango, amerudi rula." Watu walicheka. Mama naye alicheka, kisha akamwambia, "Wewe nilikuzaa mfupi kuliko hii, na nilikupokea."

Mimi nilikishika kidogo. Pembeni kina mistari kama kurasa za Biblia iliyofungwa. Nilitia ukucha, nikahisi panataka kuachia, nikaogopa kukiharibu. Nikatoa ukucha. Tulikizungushia shati lake la buluu, lile alilokuwa akilifunga vifungo kuanzia chini. Mzee wa kanisa aliomba kwa kifupi, kwa sababu hakuwa na hakika kama chuma huombewa kwa Mungu.

Sikulia. Nilikuwa natazama nzi akizunguka ukingo wa kikombe.

Jioni mama alifunga mlango wangu kwa komeo, yeye mwenyewe. Ombui hajarudi na kamba. Kwa hilo nakushukuru. Barua hii sijui utaipata lini.

Drusilla, shemeji yako


Kebirigo,
29 Machi 1971

Kwa Shemeji Abner,

Natumaini u mzima. Sisi wazima. Chai inatoa majani.

Barua yako ya Januari imefika Alhamisi. Niliisomea kwenye kiti cha posta, nikarudi nyumbani, nikasonga obokima wa wimbi, tukala. Halafu nikamsomea mama.

Ombui alikuwepo. Akasimama akasema, "Nipeni jembe, kaburi halina hata miezi miwili." Hakuwa anacheka. Mama akamwambia, "Kaa. Kaburi halifunguliwi kwa sababu posta imechelewa." Akakaa. Akaniomba nirudie pale pa kupuliza. Nilirudia. Akasema, "Alikuwa akipuliza hata uji uliopoa."

Hatutafukua. Mlango umefungwa na mama analala. Nikifukua, nitakuwa nimemfungulia Mogaka tena.

Nilitaka kuuliza jambo, nikaona ni la kitoto, lakini nauliza. Udongo wetu huu mwekundu unashika maji, na mvua zimeanza. Je, kinaweza kufunguka chenyewe?

Shemeji yako,
Drusilla


Uingereza,
20 Aprili 1971

Kwa Shemeji Drusilla,

Nimezipata barua zako mbili siku moja. Nilisoma ya Machi kwanza, halafu ya Februari.

Ningekimbia na Angwenyi mpaka kwenye basi nikimweleza, ingetosha. Nimelifikiria hilo kila siku kazini.

Jibu ni hapana. Hakifunguki chenyewe. Gundi ile haiogopi maji, na bati halina nguvu ya kujivuta. Ni lazima watu wawili. Siwezi kukuambia uongo.

Wamenipa mtu mpya wa kushika kushoto. Anavuta kwa pupa, vyumba vinapinda.

Msalimie mama. Mwambie nimesikia neno lake la kaburi.

Abner


Kebirigo,
11 Mei 1971

Kwa Shemeji Abner,

Amani iwe kwako. Mama anasema asante, na anasema usiwe unafikiria basi la Angwenyi. Mtoto wa pili ameng'oka jino.

Nimekuelewa. Ni watu wawili. Basi kikae kama kilivyo.

Nimepanda migomba miwili pale tulipokizika, karibu na ukuta. Ombui alileta machipukizi kutoka kwake, akayaweka chini akaenda. Asubuhi nikifagia, napita hapo. Jana niliinama nikapuliza majani makavu yaliyokuwa juu ya udongo, nikaendelea kufagia.

Sina jambo lingine. Huyo mtu mpya mfundishe taratibu, usimkemee. Mogaka naye siku za kwanza lazima alipinda. Na mkivuta, kikafunguka vizuri, unikumbuke.

Shemeji yako,
Drusilla