Daftari la Majina

3 Machi

Shemeji Daktari,

Salamu nyingi. Natumaini huko ulikohamishiwa u mzima na usingizi unaupata. Barua hii naitia ndani ya boksi la sampuli linalotoka maabara kwetu kuja kwako, maana simu zangu hupokei.

Mtoto wa kaka yako ameng'oka meno mawili ya mbele. Mimi nimesimuliwa tu. Bado yuko kwa bibi yake, kwa sababu mama yako hataki mjukuu wake alelewe na mwanamke aliyemuua mumewe kwa dawa za mizizi. Hilo la mizizi amelitoa kwako. Ulimwambia msibani, mimi nikiwa nimekaa hatua tatu kutoka hapo: "Tungemwokoa, ila mkewe alikuwa anamchemshia mizizi." Shemeji, mimi nilimchemshia maji ya kunywa.

Sasa sehemu ya wagonjwa ya utafiti wako wa ini imefungwa na majina yameletwa maabara. Nilijua mume wangu yumo, wewe ndiye uliyemwingiza pamoja na wagonjwa wenzake wa kisukari. Namba yake sikuijua. Kumbe ni mia na kumi na mbili. Kipande cha ini lake nilikikata mimi, nikakitia rangi, nikaona makovu ya buluu yamekizunguka, nikamwambia mwenzangu, "Maskini huyu, sijui mkewe anajua." Na kipimo chake cha damu kilikuwa juu tangu mwezi wa kwanza. Ulikaa nacho miezi minane, hadi tukamzika.

Nataka umwambie mama ukweli kwa mdomo wako. Usipotaka, nitakutafutia cha kukufanya utake.

Mjane wa kaka yako

9 Machi

Shemeji,

Barua nimeipata. Nashukuru mko salama. Mimi sijambo, kazi tu zimenizidi. Pole kwa uchungu wako, nami ni uchungu wangu.

Lakini wewe ni fundi wa maabara, si mtu wa barabarani. Unajua kwa nini namba zinasomwa bila majina, na kwa nini daftari la majina hukaa kabatini hadi mwisho. Niliona mia na kumi na mbili ana hali mbaya. Sikujua ni nani. Ningefungua kwa ajili ya mtu mmoja, kazi ya miaka mitatu na wagonjwa mia mbili ingekuwa takataka. Utaratibu ni utaratibu. Daftari halifunguki kwa sababu mtu ana ndugu ndani yake.

Kuhusu mizizi, nilisema nilichoamini siku ile. Mama moyo wake si mzuri, tusimtoneshe kidonda. Tumwache marehemu apumzike.

Shemeji yako

20 Machi

Shemeji,

Hujambo? Safari hii nauliza kwa dhati, na utaona sababu.

Unakumbuka asubuhi ya kwanza tulipotoa damu wafanyakazi, ili tuwe wazima wa kulinganishwa na wagonjwa? Foleni nzima naikumbuka: dereva, mimi, kisha wewe ukiwa umekunja shati na kutania kwamba damu yako ni ya bei. Dereva ishirini na tisa, mimi thelathini, wewe thelathini na moja.

Basi huyo thelathini na moja si mzima. Kipimo cha kwanza sita, cha pili kumi na moja, cha tatu kumi na tisa. Ni kilekile kilichopanda kwa mume wangu. Matokeo ninayo tangu tarehe sita, nayaangalia kila asubuhi kabla ya chai, na sitakudanganya, chai imekuwa tamu.

Wala usihangaike. Sehemu ya wazima itafungwa Desemba, majina yataletwa, utaambiwa. Mkuki kwa nguruwe mtamu.

Mjane wa kaka yako

23 Machi

Shemeji,

Nisamehe, leo siulizi habari. Nilipoisoma barua yako nilifungua kabati kabla sijavua koti.

Namba za wazima hatukuzigawa kwa foleni. Tulizichanganya, ili ninyi mnaopima msijitambue. Dereva ni thelathini. Mimi ni ishirini na tisa. Thelathini na moja ni wewe.

Nenda kesho kwa daktari wa ini, nimeshaongea naye, anakusubiri. Makovu bado ni machanga na yanatibika, ila usikae hata wiki. Nakuomba, hasira zako zitanikuta palepale.

Shemeji yako

2 Aprili

Shemeji,

Natumaini barua hii inakukuta mzima. Mimi nimelazwa siku nne, nimetoka, dawa nimeanza. Daktari wa ini anasema nimewahi. Asante. Hilo nalisema kwa moyo wote, na sitalisema tena.

Nami nilikaa na ugonjwa wa mtu wiki mbili nikiufurahia. Sikujua ni wangu, nilidhani ni wako, na hilo halinitakasi. Nimemwambia mama hivyohivyo, bila kujipendelea.

Ndiyo, nilikwenda kwake. Nilisimama mlangoni, sikukaribishwa. Sikubishana habari ya mizizi. Nilimsomea barua zako mbili, ile ya tarehe tisa ambamo daftari halifunguki, na ile ya tarehe ishirini na tatu ambamo limefunguka hujavua koti. Mwandiko wako anaujua. Akaniambia nirudie ya pili, polepole.

Moyo wake haukusimama kama ulivyoogopa. Alivua miwani, akaifuta, akauliza, "Miezi ile minane, ufunguo wa kabati alikuwa nao nani?"

Nikamwambia sijui, aulizwe mwenyewe. Akamwita mtoto akamwambia akusanye nguo zake, anarudi kwa mama yake. Wewe amesema usije. Anataka jibu kwa maandishi, na nitamsomea mimi.

Mjane wa kaka yako