Ishirini na Nne kwa Hamsini

Jumatatu, 8 Septemba 2025

Nimesahihisha mpaka macho yanawasha. Watoto thelathini, maswali hamsini ya hesabu, na hakuna aliyefika ishirini na tano. Hata mmoja! Nimefundisha miaka thelathini na miwili, nimestaafu nikapewa saa ya ukutani, kila siku saa kumi niko hapa ukumbi wa kanisa Malaba kusaidia watoto wa watu na homework – na wanarudi nyuma mbio. Muhula uliopita walifuzu tisa.

Kufuzu ni hivi, na si mimi niliyetunga: ukipata ishirini na tano unapewa cheti, unapigwa picha na bango la wafadhili, unapigiwa makofi, halafu unaachia mwingine kiti. Yaani ukielewa tu, nje. Quinton wa ofisi yetu ya Nairobi alinieleza kwamba hata hospitali anayepona huruhusiwa kwenda nyumbani. Kijana wa kijijini Sigalame kabisa huyo, lakini ukimsikia utadhani alizaliwa kwa semina.

Akwii: ishirini na nne. Tena! Mara ya nne hii.

Jumatano, 10 Septemba

Perez mpishi anasema nimezeeka, ndiyo maana hawaelewi. Nikamwambia ni uji wake unawalaza. Tumenuniana jioni nzima.

Nimempata Sharlyne kwa foleni ya malori, anauza mahindi ya kuchemsha. Huyu ndiye alikuwa fahari yetu, arobaini na moja! Nikamuuliza cheti kiko wapi. Akasema mama amefunikia mtungi wa maji, kwa sababu ile plastiki yake hailowi. Na homework, unafanyia wapi siku hizi? Akacheka tu, akakimbilia lori.

Ijumaa, 12 Septemba

Apolot, mama yake Akwii, amekuja na karanga kwa gazeti. Anauza chai kwa madereva mpaka giza liingie. Kumbe anaomba msamaha kwa alama za mtoto! Madam, usimchoke, akasema. Chumba chao kimepakana na pa kuuzia ajon. Jioni wanywaji wanakaa hapo mlangoni na mirija yao wakizunguka chungu, na msichana akionekana tu anatumwa maji moto ya kuongeza pombe. Ana miaka kumi na miwili. Akiwa hapa kwako, akasema, moyo wangu unatulia.

Nikamwambia asijali, kwa alama zile hatoki leo wala kesho. Akamshukuru Mungu. Haki ya nani, mzazi anashukuru mtoto kuanguka! Karanga nimezimaliza njiani.

Jumanne, 16 Septemba

Sasa nimejua. Woi, nimejua!

Nilikuwa narudisha karatasi, ya Akwii nikainyanyua pale dirishani. 144 gawanya kwa 6, ameandika 42. Lakini chini ya 42 kuna alama ya penseli iliyofutwa: 24. Nikaangalia inayofuata. Nayo ilikuwa sawa, ikafutwa. Zote alizokosa alikuwa amezipata kwanza. Hamsini kwa hamsini, halafu raba.

Na raba ni ya nani? Ni ile moja ya kituo, iliyofungwa kamba kwa meza yangu. Mimi mwenyewe niliwakataza kufuta kwa mate, walikuwa wanatoboa karatasi. Nikawafundisha kuja mbele kwa adabu kufutia hapa. Nikawasifu kwa usafi! Mjinga ni mimi.

Ijumaa, 19 Septemba

Leo nimejificha nyuma ya jikoni kama mwizi. Akwii alikuwa na wenzake kumi hivi. Anawafundisha kuanguka.

Andika zote sawa kwanza, anawaambia. Hesabu. Zikipita ishirini na nne, futa. Anzia mwisho, Teacher atadhani ulichoka. Ochom akasema yeye hana haja ya kufuta, kugawanya hajui kabisa. Akwii akamfokea: utaangukaje vizuri kama hujui? Utapata tano, watakuja kukuuliza shida ni gani, watatuchunguza sisi sote! Akachukua kijiti, akamchorea kugawanya hapo mchangani. Dakika kumi. Ochom akaelewa. Mimi nimehangaika na Ochom tangu Juni.

Akili ni nywele, sawa, lakini nilisikia wivu. Nilisikia na aibu. Nikarudi ndani. Perez alikuwa mlangoni na mwiko. Akasema, nilidhani unajua. Kumbe yeye amejua tangu Julai!

Jumatatu, 22 Septemba

Ujumbe kutoka kwa Quinton. Wafadhili wana wasiwasi mkubwa. Anakuja Ijumaa na mtihani wake mwenyewe.

Nimemwita Akwii. Sikutaka kusema kwamba najua, na yeye alijua kwamba najua, tukabaki tunazunguka kama kuku na nyoka. Nikamwambia wakifuzu wachache tu, kituo kitapumua. Watano wanatosha.

Akaniangalia vizuri. Akauliza: Nani na nani, Teacher?

Nikamtuma maji ya kufutia ubao, na ubao ulikuwa safi.

Ijumaa, 26 Septemba

Saa kumi na nusu. Naandika hapa hapa ukumbini, mtihani unaendelea. Quinton anadhani najaza mahudhurio. Amekuja na penseli mpya thelathini, zisizo na raba. Mifuko yote iko nje.

Mtihani ulipoanza tu, akaniinamia sikioni. Sheria imebadilika tangu juzi. Kwa kuwa hakuna anayefuzu, wafadhili wameamua viti vibaki kwa wenye mwitikio. Ishirini na tano kwenda juu wanabaki, tena na taa ya sola ya kwenda nayo nyumbani. Walio chini wanatoka. Leo leo. Ana orodha ya watoto wengine kutoka Kocholia.

Nikamwambia basi tuwaambie watoto! Akasema wataambiwa baadaye, tukiwaambia sasa tutaharibu data. Nikifungua mdomo karatasi zote zinatupwa, na kituo ndiyo basi. Alisema kwa upole kabisa. Akanipa na peremende.

Saa kumi na moja kasorobo. Wengi wamemaliza. Akwii anapitisha kidole kwa karatasi, midomo inacheza. Anahesabu. Ochom naye anahesabu. Mungu wangu, wote wanahesabu.

Kwa hivyo dakika hii, jinsi walivyokaa hapo, watoto wangu wote wamefuzu. Kinachotakiwa ni wasifute. Basi!

Nimekata kamba kwa wembe wa kuchongea penseli. Raba nimeikalia.

Akwii amekuja mbele kwa adabu, kama nilivyomfundisha. Ameona kamba inaning'inia tupu. Nimetikisa kichwa. Amenong'ona, raba, Teacher. Nimetikisa tena. Nimejaribu kumwambia kwa macho. Lakini macho yangu kwa miaka yote hii yanajua kusema kaa chini na nyamaza, basi. Amesimama akiniangalia. Anadhani nimewauza. Anafikiria chungu cha ajon, namjua. Nasikia kulia.

Amerudi kwa kiti. Mikono mingine imeinuka, kumi, kumi na mitano. Nimetikisa kichwa kwa wote. Quinton ameniinulia dole gumba kutoka mlangoni. Amependa nidhamu.

Dakika tano zimebaki. Kumetulia. Labda wameelewa. Akwii ni mwerevu, labda –

Ochom anamtazama Akwii. Wote wanamtazama Akwii.

Akwii ametia kidole mdomoni. Amekilowesha vizuri. Anaanzia swali la hamsini.