Simbilisi wa Najiat

Jumatano, 11 Juni 2025

Mume wangu Majidi kaondoka tena. Mpanda. Lori limepakia saruji, kurudi watapakia mpunga — Mungu akipenda, mwishoni mwa wiki ijayo. Kaniachia watoto wawili, shule zimefungwa, nguo za harusi ya watu wa Kanyenye hazijashonwa hata nusu, na boksi.

Boksi! Lina simbilisi wawili, vijinyama kama sungura wadogo wasio na mkia. Rafiki yake Amon anawafuga, kampa bure. "Wa Najiat," akasema, "apate cha kumshughulisha." Mimi sikuulizwa. Niulizwe ili iweje? Wa kufagia ni mimi.

Najiat kawapokea kimya. Ndivyo alivyo tangu Januari, Majidi, baba yake, alipomleta kutoka kijijini Choma baada ya bibi yake mzaa mama kufariki. Mama yake alishatangulia zamani, kabla mimi sijaolewa humu. Miaka kumi mtoto huyu, na anatembea ndani kama mgeni aliyeambiwa gari lake linakuja sasa hivi. Shikamoo mama mdogo, asubuhi. Asante mama mdogo, baada ya kula. Vyombo anaosha kabla hajaambiwa. Hicho ndicho kinachonichosha. Sipati pa kumgombeza wala pa kumkumbatia.

Jioni Amon kapita kuwaonyesha watoto namna ya kuwashika. Kaa chini kwanza, ndipo upewe. Mkono mmoja chini ya kifua, wa pili ubebe makalio. Usimnyanyue kwa ngozi ya shingo, huyu si paka. Usimbane. Usitembee naye. Mikono ioshwe kabla na baada. Twalibu wangu, miaka minne, kasikiliza kidole kikiwa puani. Najiat kasikiliza kama yuko kwenye hotuba ya Ijumaa.

Wa rangi ya asali kamwita Asali. Mwenye madoa ni Karanga. Mgongo unauma. Basi.

Ijumaa, 13 Juni

Mayowe ya Twalibu nayajua yote — la njaa, la kuonewa, la kujifanya. La leo lilikuwa jipya.

Nimetoka mbio na futi kamba shingoni. Kumbe alikuwa anakula kachori, kamaliza, vidole vinanuka viazi na mafuta, kaingiza kimoja kwenye wavu wa boksi. Karanga kadhani kaletewa chakula. Damu! Si nyingi, lakini kwenye kidole cha mtoto damu kidogo ni nyingi.

Bombani. Sabuni, maji yakimiminika, mpaka kilio kikageuka kwikwi. Nikabana na kitambaa safi. Jirani Eustadia kachungulia juu ya ua: nitie ugoro, kwao wanatia ugoro. Asante dada, hapana. Nikambeba mpaka zahanati, jua lote lile, na mtoto mwenyewe kila anayepita anamwonyesha kidole.

Muuguzi kauliza kama nimeosha kwa sabuni, kaangalia kadi ya kliniki, chanjo ya pepopunda anayo. Kasafisha, kafunga. Akivimba, akitoa usaha, akipata homa — nirudi, nisingoje. Halafu kamwambia Twalibu: mkono unaonuka chakula, kwa mnyama ni chakula. Twalibu kacheka, kamasi hadi mdomoni.

Nyumbani Najiat alikuwa amesimama palepale nilipomwacha, mgongo ukutani.

"Karanga hana kosa, mama mdogo."

Ningenyamaza. Sikunyamaza. "Mtoto katoka damu, wewe unatetea panya!"

Kisha kaenda kuosha vyombo. Vyombo vilikuwa visafi.

Mama mkwe naye kapiga simu, sijui nani kamwambia. Panya ndani ya nyumba, Hafsa? Nimemjibu ndiyo mama, hapana mama. Nimeswali Magharibi na lile neno langu bado liko kinywani, chungu.

Jumapili, 15 Juni

Kidole kizuri. Hakijavimba. Alhamdulillah.

Nilimwambia Najiat: Twalibu atawagusa tena, hilo halizuiliki, basi mfundishe wewe. Nikadhani atakataa. Katandika mkeka uani, kamnawisha ndugu yake mikono, kamnusa vidole kimoja kimoja kama mama mkwe anavyonusa samaki sokoni.

Nikawa nasikiliza dirishani, mguu uko kwenye cherehani lakini sishoni.

"Kaa. Nyoosha miguu. Weka taulo. Usimpumulie, wewe si ng'ombe. Akitaka kutoka mwache atoke, usimvute. Akikung'ata usimrushe — utulie, uniite."

Sijawahi kumsikia akisema maneno mengi hivyo. Sauti ya bibi kizee kabisa! Lazima ni ya yule bibi yake wa Choma. Nikacheka. Kageuka, kaniona, kanyamaza. Nikajilaumu kwa kucheka.

Lakini Twalibu kakaa na Karanga mapajani, hatikisiki, machozi yanamlenga kwa jinsi anavyojizuia kuhema.

Jumanne, 17 Juni

Siku mbaya. Bibi harusi kaja kupima, kumbe kanenepa, nifumue kiunoni kote. Umeme umekatika, pasi ya mkaa siku nzima, kichwa kizito kwa moshi.

Boksi la simbilisi Najiat kalifunika kanga, kaliingiza chumbani. Nauliza kulikoni, anasema wanasikia baridi. Asali hali vizuri, anasema kachoka tu. Hata mimi nimechoka, nani kaniuliza kama nimekula?

Jumatano, 18 Juni

Nimeifunua ile kanga mwenyewe.

Najiat alikuwa bombani. Asali kajikunyata pembeni, manyoya yamesimama, mguu wa nyuma umelala upande kama si wake. Majani ya jana yako vilevile. Nikageuka, Najiat yuko mlangoni na ndoo.

"Nilimwangusha."

Jana. Alikuwa amekaa naye mkekani, sawasawa kama alivyofundishwa. Mimi nikapiga kelele kutoka ndani: Najiat! Twalibu anaiendea pasi! Kanyanyuka na Asali mkononi, akakimbia. Asali akaruka. Sakafu ya saruji.

Nakumbuka nilivyoita. Nakumbuka alivyofika haraka, akamdaka Twalibu kiunoni, mkono wa mtoto ulikuwa umebakiza kidogo ufike kwenye makaa. Nikaendelea kufumua. Hata asante sikusema. Na yeye karudi kumwokota mnyama wake peke yake, kamfunika, kapika ugali, kala na sisi.

"Kwa nini hukuniambia?"

Ndoo bado kaishika, maji yanamwagika miguuni.

"Mtanirudisha Choma?"

"Choma kwa nani, mwanangu?"

"Ndiyo hivyo," akasema. "Choma hakuna mtu."

Nimekaa kitandani. Miezi yote hii nilidhani mtoto ana kiburi. Kumbe alikuwa analipa kodi ya nyumba — kwa vyombo, kwa shikamoo, kwa kutokosea.

Nikafunga cherehani. Nguo za harusi zisubiri! Tukamweka Asali kwenye boksi dogo lenye taulo, asibiringike, tukaenda kwa bwana mifugo, Shigela, mwenye duka la dawa za mifugo kule Kanyenye. Twalibu tumemwacha kwa Eustadia.

Shigela ni mtu wa ng'ombe, mikono kama majembe. Kamsalimia Najiat kwa utani, "Mwangaluka!" Na Najiat akaitikia, "Mwangaluka, mhola?" — Kisukuma safi, kwa heshima zote, kapiga goti kidogo. Mzee kafurahi. Wakaongea, mimi nimekaa kama mtalii.

Kampapasa Asali polepole. Mguu umevunjika, juu karibu na nyonga. Hakuna plasta ya saizi hiyo. Akae boksi dogo, asikimbie, asibebwe ovyo. Dawa ya maumivu kapima yeye mwenyewe, akaonya nisije nikajaribu vidonge vya watu. Kubwa kuliko yote, ale. Hawa tumbo likisimama wanakufa haraka kuliko kwa mguu. Majani yasagwe laini, kwa bomba la sindano lisilo na sindano, pembeni mwa mdomo, kidogokidogo. Mpaka ajilie mwenyewe.

"Nani kamwangusha?"

Najiat kafungua mdomo. Nikamtangulia.

"Mimi. Nilimwita mtoto akiwa kamshika."

Tukarudi kwa miguu. Tulipofika kona ya Ipuli boksi kalihamishia upande wa pili, akawa anatembea karibu yangu. Labda ni jua tu, alikuwa anafuata kivuli.

Alhamisi, 19 Juni

Kulisha simbilisi mgonjwa ni kazi kuliko kulisha mtoto mwenye surua. Mchicha na majani ya karoti kwenye kinu kidogo. Anatema. Unafuta. Unaanza tena. Mimi namshika na taulo, Najiat anasukuma bomba. Vidole vyetu vyote vya kijani.

Kinyesi kidogo mchana! Tumeshangilia kinyesi. Nimefika hapo.

Nimemwambia asante ya ile pasi. Kasema, "Twalibu hasikii." Ni kweli.

Nguo za harusi bado.

Ijumaa, 20 Juni

Mama mkwe kaja mwenyewe, Bi Mwanamkuu, baada ya swala ya Ijumaa, kajifunga buibui la kutokea. Nikamwamkia, kaitikia marahaba huku macho yako kwenye boksi. Twalibu, kwa furaha, kamsimulia yote: kidole, damu, pasi, Asali kavunjika.

Nikaleta chai. Hakuigusa. Akasema wanyama watoke leo. Sawa, hilo ningeweza kulibeba. Lakini hakuishia hapo. Mtoto huyu kila anapotia mguu pana msiba. Kwanza mama yake. Kisha yule bibi. Sasa mjukuu wangu nusura aungue, anyonywe damu na mapanya. Hafsa, mkosi haufugwi.

Kasema kwa sauti ya kawaida, kama anataja bei ya mchele. Na pazia la korido lilikuwa linatikisika. Upepo haukuwapo.

Sijawahi kumjibu mama mkwe. Tangu niolewe, sijawahi. Nilisikia sauti yangu ikitoka, haikuwa hata kali.

"Mama, nakuheshimu. Twalibu hakuungua kwa sababu ya Najiat. Neno hilo naomba lisirudiwe humu ndani."

Chai ikapoa. Kavaa viatu. Mlangoni kasema atazungumza na mwanawe.

Nikarudi kwenye cherehani, nikajichoma sindano. Najiat hakutoka chumbani mpaka muda wa kumlisha Asali. Kaja na bomba lake, kakaa. Macho mekundu. Asali kala robo tu, nyingine kwenye taulo.

Jumamosi, 21 Juni

Majidi kapiga simu asubuhi, yuko Sikonge, anafika kesho. Mama kashamwambia. Anasema amefikiri. Kuna mjomba wa mbali huko Choma, ataongeleshwa, akikataa basi kuna bweni huko Igunga, mtoto atazoea, na wewe utapumzika Hafsa, si kila siku unasema umechoka?

Ni kweli nasema. Kila siku nasema. Nimechoka, kweli, mpaka kwenye mifupa. Lakini sikujua kuwa uchovu wangu ulikuwa unawekwa mahali, uje utolewe siku ya haja.

Nikamwambia, njoo kwanza umwone mwanao. Akasema ananijua, nina huruma. Mtandao ukakata. Au kakata yeye.

Nimemaliza nguo za harusi. Mshono wa kwapani umepinda. Liwalo na liwe.

Asali hajala mwenyewe bado. Shigela kwenye simu kasema siku moja zaidi, ikishindikana afadhali kumpumzisha kwa sindano. Nimemwambia Najiat ukweli wote, maana kuficha tumeshaona kunakotupeleka. Kauliza, "Atasikia maumivu?" Nikasema bwana Shigela hatakubali asikie. Kaitikia kwa kichwa. Kisha kaniuliza kama yeye akikataa kumwacha atakuwa anamtesa.

Jumapili, 22 Juni

Majidi kafika mchana. Vumbi mpaka kwenye kope. Kaoga, kala, na mama yake kaingia kabla sahani hazijaondolewa. Wako sebuleni. Nimekuja chumbani kwa watoto kuchukua shuka la kubadilisha.

Begi la shule la Najiat liko kitandani. Limetuna. Vitabu kavitoa, kavipanga dirishani vizuri. Ndani gauni la Idi, sketi ya shule, kandambili zimefungwa gazeti, mswaki. Kajifungashia mwenyewe. Kakunja kila kitu kidogo kidogo ili kienee, asimwombe mtu begi kubwa.

Nimekaa sakafuni nikaandika haya, kwa kuwa nisipoandika nitapiga kelele.

Nimezitoa zote. Gauni nimelitundika kwenye msumari chumbani kwangu, juu ya langu. Sketi ina uzi umefumuka, nitashona kesho. Mswaki nimeurudisha kwenye kikombe cha bafuni. Sasa kwenye begi nimerudisha vitabu.

"Hafsa!" Majidi huyo. Sauti ya kikao. Na mama mkwe anakohoa kile kikohozi cha kuanzia.

Nimeshapanga la kusema. Si jingi. Nitasema mtoto haendi. Wakiniuliza ataangaliwa na nani, nitasema na mimi, niliyechoka. Sijui watasemaje. Majidi si mtu mbaya, ila kwa mama yake mifupa yake inakuwa mlenda.

"Hafsa! Tunakusubiri."

Na uani, kwa wakati huohuo, sauti nyingine, ya chini, inaogopa hata kujisikia:

"Mama mdogo... njoo. Kachukua jani mwenyewe. Sijui anakula au analishika tu. Mama mdogo, njoo uangalie."

Naenda uani kwanza.